Vidonge vya Mashavu

"Sasa mwanangu ana mke," mama mkwe alisema, tena alisema pale pale mlangoni mwa karakana, begi bado mkononi, wateja wawili wakimsikia.

Mke wa Fundi aliinuka kwenye cherehani, akacheka kwa adabu, akaja kumpokea begi. Mama mkwe hakulitoa. Kwanza alimshika mashavu, yote mawili, akayabonyeza kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akasema amenawiri, Mungu amkinge na macho ya watu. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, misumari mdomoni, anagongea kitambaa. Misumari haikumruhusu kusema neno, ila alivyosikia mkewe anasifiwa aligonga kwa nguvu zaidi.

Mdomo huo huo, mwaka uliopita, ulikuwa na maneno mengine. Mama mkwe alikuja akamkuta mkwewe amekwisha, mifupa mitupu, anakatiza ua mbio na kopo la maji kwenda choo kilicho nyuma ya kwa kinyozi, maana karakana haikuwa na choo chake. Akaketi juu ya kochi ambalo halijavishwa nguo, akamwambia mwanawe kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka pazia lililotenga chumba chao cha kulala na karakana: "Hii si nyumba, hii ni zahanati. Mwanamume anaoa apate msaidizi, haoi apate mgonjwa. Mrudishe kwao wakamuuguze, nawe utafute mwingine ungali na nguvu." Fundi hakukubali wala hakukataa. Alijibu, "Nimesikia, mama," neno ambalo wanaume hulisema wanapotaka mlango ubaki wazi. Nyuma ya pazia mkewe alilisikia, na tangu siku ile alijua kwamba mahali pake katika nyumba ile panategemea nyama iliyo juu ya mifupa yake.

Basi leo alisifiwa. Na leo alikuwa mgonjwa kuliko mwaka uliopita.

Ugonjwa wake ulikuwa wa utumbo mpana. Vidonda vilizuka huko ndani, vikatoa damu, vikamkimbiza chooni mara kwa mara asubuhi hata jioni, kisha vikatulia kwa miezi kama havijawahi kuwapo, kisha vikarudi bila hodi. Daktari wa hospitali kubwa, mtu mpole mwenye macho ya usingizi, aliwaeleza wote wawili, yeye na mumewe. Alisema kinga ya mwili imechanganyikiwa, inaushambulia utumbo ikidhani ni adui. Hauambukizi, hauponi, unatulizwa. Akatoa vidonge vya aina mbili. Vikubwa vya njano ni vya kila siku, maisha yote. Hivyo ndivyo walinzi. Vidogo vyeupe ni vya wakati ule tu ugonjwa unapochachamaa. "Hivi ni maji ya kuzimia moto," alisema. "Moto ukizimika, unapunguza kidogo kidogo mpaka unaacha. Usiendelee kumwaga, utaangusha kuta. Wala usikate ghafla."

Fundi alikuwapo, akitikisa kichwa. Lakini kila mtu husikia kwa sikio la kazi yake, na Fundi alikuwa mtu wa sponji. Kochi likijaa linauzika. Kilicho ndani hakuna mteja anayekipasua akikague. Vile vyeupe vilileta njaa, vikaleta mashavu. Uso ukaviringika, shingo ikanenepa, tumbo likajaa. Mikono na miguu ilibaki vijiti, lakini ndani ya gauni refu nani ataiona? Salamu za mtaani zikabadilika. Kinyozi, aliyekuwa akinung'unika kila alipoona kopo, sasa alimwita shemeji. Wanawake wa bombani waliacha kunong'ona juu ya ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kupepesa macho. Na Fundi, ambaye kwa mwaka mzima alikwenda kwenye shughuli za watu peke yake akitoa visingizio, alianza kuongozana na mkewe, yeye mbele, mashavu nyuma.

Vidonge vya njano vilipatikana hospitalini tu, vilikuwa ghali, na havikuwa na la kuonyesha. Vyeupe viliuzwa duka la dawa la pale kona bila swali. Fundi, aliyekuwa akipitia dawa akienda kununua sponji, aliacha kuleta vya njano. Mkewe alipouliza alijibiwa kwamba vimekwisha. Alipouliza tena aliambiwa, "Kwani vile vinafanya nini, mama watoto? Hivi ndivyo vinavyoonekana."

Tusimwonee Fundi peke yake. Mkewe alijua. Alikuwa na kioo, na kioo kile kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kilimwonyesha mwanamke anayeweza kukaa mbele ya watu. Alikuwa ameshaonja kutazamwa kama maiti inayochelewa kuzikwa. Akanyamaza, akameza. Nyumba njema si mlango, lakini mtaa mzima huishia mlangoni.

Daktari alipomwona tena alikasirika, upole wote ukamtoka. Alimpima shinikizo la damu, akabonyeza mifupa ya mgongo, akauliza nani aliyemruhusu kuendelea muda wote ule. Akaamuru vya njano virudi, na vyeupe vianze kupunguzwa wiki ile ile, kwa utaratibu aliowaeleza hatua kwa hatua. Njiani wakirudi, karibu na nyumbani, Fundi alipunguza mwendo. Kisha akasema, "Mama anakuja Jumamosi. Ukianza kupunguza sasa atakukuta umenyauka. Tumwache aje aone, aondoke zake, halafu tutaanza."

Mkewe alifikiri juu ya lile pazia. Akakubali.

Mama mkwe alisema amekuja kwa wiki moja. Ikapita, ikapita ya pili, akawa bado yupo, amestarehe, anakaa mlangoni mwa karakana kwenye kochi la mfano na kuwaambia wateja kwamba yule anayeshona pale ni mkwewe. Wajukuu walimzoea. Mke wa Fundi alishona huku mgongo unamuuma maumivu asiyoyajua, na kila asubuhi alifungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa kopo la vidonge, akameza.

Mama mkwe aliona.

Hakumuuliza mwenyewe, alimsubiri mwanawe. Siku moja mchana, mkwe amekwenda kununua nyuzi, alimwita Fundi akamkalisha. Akamweleza habari za kitinda mimba wake, dada yake Fundi, kule nyumbani. Binti alikuwa na mchumba, kijana mwenye kazi yake, na wazazi wa kijana walikwisha kuja mara mbili. Lakini kuna shangazi wa huko aliyemtazama binti akasema ni mwembamba mno, mtu wa namna hiyo huenda ana jambo ndani. Tangu hapo wamepoa.

"Mkeo alikuwa ufito," mama alisema. "Leo mtazame. Unampa nini?"

Hapo Fundi angeweza kusema ukweli. Maneno yake yalikuwa mepesi: mke wangu ni mgonjwa, hizi ni dawa, na uso huu ni dawa. Lakini kwa wiki tatu mama yake alikuwa amemsifu mbele za watu kwamba anajua kutunza mke, na sifa ni kitu kigumu kurudisha.

"Vitamini tu, mama," alisema. "Vya kujenga mwili."

"Basi na dada yako ajengwe."

Kesho yake mama mkwe alifunga safari, na kopo lilikuwa ndani ya begi lake. Fundi alimpa kwa mkono wake mwenyewe, akijua kwamba jioni atapita dukani kununua jingine. Jioni akakuta duka limefungwa; wakaguzi walikuwa wamepita, mwenye duka ameingia mitini. Akajaribu kwingine akaulizwa cheti cha daktari. Cheti hakuwa nacho. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na njiani, kama ilivyo kwa binadamu akiwa na kosa, alipata hoja iliyomtuliza kabisa. Si daktari mwenyewe alisema waache? Basi wameacha. Na mama ameondoka, kama walivyopatana. Kila kitu kimekaa sawa.

Mkewe alipofungua mtoto wa cherehani akakuta patupu, Fundi alimwambia, "Tunafuata alichosema daktari."

"Alisema kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo ni kwa wagonjwa. Wewe hujitazami?"

Hakumwambia kopo liko wapi. Mke naye alijitazama, akaona kweli uso wa mtu mzima wa afya, akataka sana kuuamini.

Siku chache baadaye walikuwa na kazi ya mama mmoja mwenye nyumba kubwa: seti nzima ya makochi, kitambaa cheupe kama maziwa, kazi iliyomtoa Fundi jasho kuliko zote za mwaka ule. Makochi yalikwisha kupelekwa. Ilibaki kuvisha mito na kukaza mishono pale pale sebuleni. Mke wa Fundi aliamka anatapika. Miguu haikuwa yake. Tumbo, lililokuwa limetulia muda wote, lilikuwa limeanza kukata tangu juzi, na asubuhi ile aliona damu. Alimwambia mumewe hawezi. Fundi alimwambia mteja ana wageni jioni, wamalize tu hii, kisha atapumzika hata wiki.

Sebule ilikuwa na zulia zito, na viatu vilibaki nje. Mke wa Fundi alipiga magoti, akavisha mto wa kwanza, akavisha wa pili. Wa tatu zipu iligoma, au vidole ndivyo vilivyogoma. Jasho la baridi lilimtoka. Alijua dalili, ukiishi na ugonjwa ule unajua kabisa una muda gani, nao huwa mfupi kuliko adabu inavyotaka.

"Samahani mama," alimwambia mwenye nyumba, "naomba kutumia choo."

Mwenye nyumba alimtazama mikono, akatazama gauni, akatazama mlango mweupe uliokuwa hatua chache tu kutoka pale. Alisema hicho cha ndani kina matengenezo. Kuna cha wafanyakazi, nyuma ya nyumba; aombe ufunguo kwa mlinzi. Mke wa Fundi akatoka akiwa amejikaza, akaenda getini. Mlinzi alikuwa ametumwa dukani na ufunguo mfukoni. Akaenda mpaka kwenye mlango wa choo kile, akausukuma, akausukuma tena. Akarudi ndani kumtafuta mumewe, labda amwombee, na pale sebuleni ukungu ukamjia machoni. Akaketi mahali palipokuwa karibu.

Palipokuwa karibu ni kochi.

Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, akashika mto kwa mikono miwili, na kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe kikaanza kubadilika rangi chini yake. Mwenye nyumba aliona. Fundi aliona. Tuseme ukweli, kwa kuwa mkewe alibaki na fahamu kiasi cha kuuona: mkono wa Fundi ulikwenda kwanza kwenye mto, kuugeuza upande wa pili. Ndipo ukaenda kwa mkewe, na hapo alikuwa ameshalala ubavu, macho yamegeuka.

"Liondoeni," mwenye nyumba alisema, ameziba pua kwa mtandio. "Liondoeni hili kochi, na huyu. Kama alikuwa na maradhi yake mngesema."

Pikapu iliyoleta makochi ndiyo iliyowachukua. Hapakuwa na muda wa kuita gari jingine, na mwenye nyumba hakukubali kochi libaki hata dakika. Kwa hiyo mke wa Fundi alipelekwa hospitali amelazwa juu ya kazi yake mwenyewe, mumewe amemshika kichwa, na watu njiani walisimama kutazama kochi jipya likipita na mwanamke mnene juu yake. Mmoja alisema kwa utani kwamba huyo ndiye anajua kusafiri. Fundi alimsikia.

Daktari alifanya kazi kwanza, maneno baadaye. Walimtia maji, wakamtia dawa kwenye mshipa, na mpaka jua linageuka mgonjwa alikuwa amerudi, anapumua, anajua yuko wapi. Ndipo daktari akamtoa Fundi nje ya wodi.

"Nani alimkatia vidonge vyeupe?"

"Wewe, daktari. Ulisema tuache."

Daktari akamweleza tena, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeunguza nyumba. Mwili wenyewe hutengeneza dawa kama ile. Ukiletewa kutoka nje muda mrefu, unaacha kutengeneza, unasahau. Ukikatiwa ghafla unabaki hauna ya nje wala ya ndani, na mtu anaanguka kama alivyoanguka huyu, na wengi hawainuki. Kilichobaki kwenye kopo walikipeleka wapi?

Fundi alitazama chini. Kisha alisema yote: mama, begi, dada, mchumba. Aliyasema kwa sauti ndogo, lakini dirisha la wodi lilikuwa wazi na kitanda cha mkewe kilikuwa chini ya dirisha. Mara ya pili katika maisha yake, mwanamke yule alisikia habari zake kupitia mahali ambapo hakutakiwa kusikia.

"Mpigie simu mama yako sasa hivi," daktari alisema. "Huyo binti aje nimwone. Asiache ghafla, asiendelee. Aje."

Fundi alipiga. Mama yake alisikiliza mwanzo wa maneno tu. Alisema anashukuru Mungu, binti ameanza kupendeza, shangazi yule yule amekuja na safari hii amekula na kunywa. Fundi alipofika kwenye habari za dawa, mama alisema kila mwili na bahati yake. Mkewe alikuwa mgonjwa tangu zamani, asitafute wa kumsingizia. Akamwomba asiwaharibie. Fundi akajibu kwamba amesikia.

Mke wa Fundi alikaa wodini mpaka miguu ikamrudia. Alirudi nyumbani na vidonge vya aina zote mbili, vyeupe vikiwa vimehesabiwa na daktari mwenyewe, vinapungua kila baada ya siku kadhaa, hakuna cha ziada. Mashavu yakaanza kunywea. Yaliondoka upesi kuliko yalivyokuja, yakaacha ngozi iliyolegea, na mgongo ulikuwa umepungua kimo. Daktari alisema pingili moja imepondeka, haitarudi. Hakuweza tena kukaa kwenye cherehani muda mrefu. Kinyozi alifunga kufuli jipya chooni, akasema ni kwa ajili ya wahuni. Fundi aliazima ufunguo, akapewa, akaambiwa aurudishe kila mara. Kwa mumewe mwanamke yule hakusema neno baya hata moja. Alimwambia chakula kiko tayari, watoto wamekwenda shule, dawa za njano zinakwisha Ijumaa. Alisema hayo tu, na Fundi angependa kutukanwa.

Miezi ilipita, na harusi ilikuwa imebaki wiki chache, ndipo wifi alipokuja. Alikuja na mama yake, ambaye hakuingia ndani. Alibaki karakanani kwa mwanawe, akisema jua limemchosha. Wifi aliingia chumbani peke yake. Mke wa Fundi, aliyekuwa ameegemea mto, alimwona mlangoni akajiinua kwa kiwiko. Binti alikuwa na uso wa duara, shingo imejaa, ngozi inang'aa kwa kuvutwa. Mikono iliyotoka kwenye mikono ya gauni ilikuwa vijiti.

Ule ulikuwa uso wake.

"Pole, wifi," binti alisema. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Waliulizana habari za nyumbani, wakajibizana njema. Kisha binti akatazama kopo lililokuwa mezani, akatazama tena.

"Duka letu wamekataa kuuza," alisema. "Tangu jana sijameza. Leo kichwa kinanizunguka kila nikisimama. Mama amesema wewe huwa unavyo."

"Hukuja kunitazama, basi."

Binti akaangalia mikono yake. "Nimekuja kwa yote mawili."

Mke wa Fundi alimweleza. Alimweleza polepole, hakuficha kitu, hata kochi alilisema, ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu. Alisema kesho ni siku yake ya daktari. Waende wote, daktari alishaomba aletwe.

"Ataniambia niache."

"Atakuambia uache taratibu."

"Nitakonda."

"Utakonda, ndiyo."

"Wakinikataa je, wifi?"

Mlangoni alikuwa amesimama Fundi, nyundo mkononi, na haikujulikana amesimama pale tangu lini. Alikuwa na uso wa mtu anayeona aibu, na bado alisema.

"Mpe tu, mama watoto. Harusi ipite."

Mkewe hakumtazama. Alivuta kopo, akatoa kidonge kimoja, kile ambacho daktari alikihesabu kiwe cha kwake kesho, akakiweka kwenye kiganja cha wifi yake.

"Hiki ni cha leo, kwa sababu usipokimeza utaanguka," alisema. "Cha kesho utapewa na daktari. Nitakungoja kwenye benchi la nje, asubuhi. Usipokuja, mimi sina kingine, na wewe utakuwa huna. Umenielewa?"

Binti aliitika. Akakimeza bila maji, na akaondoka na mama yake kwenda kulala kwa ndugu mtaa wa pili.

Asubuhi mke wa Fundi alifika hospitali mapema, mgongo umefungwa kanga, akashika nafasi mbili kwenye benchi: moja akaikalia, nyingine akaiwekea mkoba. Watu walikuja, wakauliza kama pana mtu, akasema pana. Muuguzi alimwita, akaomba wengine watangulie. Akamwita tena, akaomba tena. Jua lilifika kwenye miguu yake, likapanda magotini, na kila gauni lililoingia getini alilitazama uso.

Aliyeingia mwishowe ni Fundi. Alikuja mbio, anahema, vumbi la sponji kwenye nywele. Aliondoa mkoba, akaketi pale palipowekwa kwa ajili ya dada yake, akafuta jasho.

"Usisumbuke kungoja," alimwambia mkewe. "Mama amepata duka jingine."

Na alilisema kama mtu aliyeleta habari njema.